Kutoka Bunkeya hadi Nukta Nyekundu: Shabaha Haikai Kwenye Kioo

Historia ya bunduki hapa Katanga husimuliwa kwa kuhesabu: nani alikuwa nazo nyingi, na alizipata kwa pembe ngapi za ndovu. Hesabu hiyo inapotosha. Msiri, Mnyamwezi aliyejenga dola lake Bunkeya katika nusu ya pili ya karne ya 19, alitoa shaba, pembe na watumwa akapokea bunduki na baruti kutoka pwani zote mbili za bara. Nyingi zilikuwa za kushindilia baruti mdomoni, mtutu wake laini ndani, risasi ikiyumba tangu kutoka. Silaha ya namna hiyo, hata ungeifunga kioo cha kulengea kilicho bora kuliko vyote, isingepiga kitu kidogo kilicho mbali. Mtu atanijibu kwamba Msiri mwenyewe, tarehe 20 Desemba 1891, aliuawa na Kapteni Omer Bodson wa msafara wa kikoloni ulioongozwa na Stairs kwa risasi ya karibu, na kwamba shabaha ya mbali haikuhusika. Ni kweli, na jibu hilo lina uzito: mapigano mengi huamuliwa karibu, na kwa haraka.

Haraka hiyo ndiyo iliyoipa thamani nukta nyekundu, yaani kioo cha kulengea kinachoonyesha nukta ya mwanga juu ya shabaha. Asili yake ni Howard Grubb wa Dublin, mtengenezaji wa darubini za nyota, aliyebuni mwaka 1900 kioo kinachoakisi alama ya kulengea mbele ya jicho. Marubani wa kivita walikitumia miaka mingi kabla ya askari wa miguu. Kampuni ya Aimpoint ya Sweden ilitoa kioo cha umeme cha bunduki mwaka 1975. Kwa alama za chuma, mlengaji hupanga vitu vitatu: alama ya nyuma, alama ya mbele na shabaha, na jicho haliwezi kuviona vyote sawasawa kwa wakati mmoja. Nukta huonekana kana kwamba iko kule kule kwenye shabaha, macho yote mawili yakiwa wazi. Kosa la jicho linapungua sana, hasa kwa mlengaji ambaye macho yake yameanza kuchoka.

Lakini kosa la jicho ni moja tu kati ya mengi. Nukta hairekebishi kidole kinachovuta kifyatulio kwa pupa, wala pumzi isiyotulia, wala risasi mbovu. Kioo kisipopatanishwa na mtutu kwa kupiga, kupima na kurekebisha skrubu zake, nukta itakaa vizuri kabisa juu ya shabaha huku risasi ikienda kando. Kikilegea au kikigongwa, kazi hiyo huanza upya.

Ushahidi mkubwa wa hayo uko Likasi, kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi, mji ulioitwa Jadotville wakati ule. Kuanzia tarehe 13 hadi 17 Septemba 1961, askari wa Ireland zaidi ya 150 wa Umoja wa Mataifa, chini ya Pat Quinlan, walishambuliwa na jeshi la Katanga, iliyokuwa imejitenga na Kongo, lililowazidi mara nyingi, likiwa na mamluki na ndege. Miaka 14 ilikuwa bado kabla ya kioo cha Aimpoint. Hakufa hata mmoja wao, kwa sababu Quinlan alikuwa amewachimbisha mahandaki mapema na walifyatua kwa nidhamu. Mpinzani atasema walijisalimisha hata hivyo. Naam, maji na risasi viliwaishia. Shabaha haijazi kiriba. Hilo halipunguzi hoja, linaipanua: kilengeo ni sehemu ndogo ya maandalizi.

Kwa hiyo wanaoandika historia ya vita vya 1961, hasa vijana wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wasiishie kwenye orodha za silaha zilizoingia. Wawatafute wazee wa jeshi la Katanga ambao bado wapo, wawaulize walifunzwa na nani, kwa muda gani, na walipewa risasi ngapi za mazoezi.