Mswaki: Mti na Jina Lake

Kwa Kiarabu, miswaki ni kijiti kimoja. Kwa Kiswahili, miswaki ni mingi. Neno hilo lilipovuka bahari liliketi katika ngeli ya miti, na ndiko kwao, kwani kijiti chenyewe hutoka katika mti uitwao na wataalamu Salvadora persica, uotao nchi kavu. Mzizi au kijitawi chake hukatwa, ncha ikatafunwa hata nyuzi zikachambuka, kisha meno yakasuguliwa. Nyuzi zikichakaa, ncha hukatwa, ikatafunwa nyingine.

Waislamu wa pwani waliupokea pamoja na sunna ya kusafisha kinywa kabla ya sala. Hivyo mtu aliyeishika alisugua meno mara kadhaa kwa siku bila ya kuamrishwa na tabibu. Faida kubwa ilikuwa katika mazoea hayo, ingawa majimaji ya mti nayo huzuia baadhi ya vijidudu. Jino likisha toboka, mswaki hauna la kufanya. Hapo Unguja na Pemba hukimbiliwa karafuu: mafuta yake hutia ganzi, maumivu yakatulia, tundu hubaki pale pale.

Mwaka 1938, Marekani ilianza kuuza burashi ya nyuzi za nailoni. Ilipofika pwani haikupewa jina jipya. Ilivikwa lile la mti. Katika miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilihimiza kijiti kitumike kule kilikozoeleka. Lakini mtoto wa leo aambiwapo apige mswaki, plastiki ndiyo aishikayo. Na kile cha asili, mwenye kukitaka hana budi kufafanua: mswaki wa mti.