Milimita 67: Upana wa Reli katika Historia ya Katanga na Majirani Zake

Historia ya reli katika Afrika ya Kati na ya Mashariki imeandikwa mara nyingi kwa kufuata makampuni, madini na mipaka ya kikoloni. Makala haya yanafuata kipimo kimoja kidogo, nacho ni upana wa reli, yaani nafasi iliyopo baina ya kingo za ndani za reli mbili zinazobeba gari moshi. Tunakusudia kuonyesha kwamba kipimo hiki kimeamua mzigo upite wapi na ushushwe wapi, na kwamba tofauti ndogo ya upana huweza kuwa kizuizi kigumu kuliko tofauti kubwa.

Tuanzie Likasi, mji ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966. Reli yake ilitoka kusini. Iliingia Katanga kwa Sakania, ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikaendelea hadi Kambove mwaka 1913, na hadi Bukama, kando ya mto Lualaba, mwaka 1918. Kwa kuwa ilikuwa mwendelezo wa njia za Rhodesia na Afrika Kusini, ilichukua upana wa huko, milimita 1067. Njia ya Ilebo ya mwaka 1928 ilifuata kipimo hicho hicho, na kadhalika ile ya Benguela, iliyoiunganisha Katanga na bandari ya Lobito mwaka 1931. Mhandisi Jean Jadot, ambaye mji ulipewa jina lake, alikuwa amesimamia huko China ujenzi wa reli ya Beijing hadi Hankou yenye upana wa milimita 1435. Lakini katika mji uliobeba jina lake, upana uliamuliwa na jirani wa kusini.

Kaskazini mambo yalikuwa mengine. Kampuni ya CFL ilijenga kwa upana wa milimita 1000 njia ya Stanleyville hadi Ponthierville (1906), ya Kindu hadi Kongolo (1911), na ya Kabalo hadi Albertville, ndiyo Kalemie (1915). Njia mbili za kwanza zilikusudiwa kukwepa maporomoko ya Lualaba, na ya tatu kuunganisha mto huo na ziwa Tanganyika. Mzigo ulitoka melini ukapanda reli, kisha ukarudi melini. Ng'ambo ya ziwa, reli ya Wajerumani iliyofika Kigoma mwaka 1914 nayo ilikuwa ya milimita 1000. Maadamu maji yalizikata njia hizi na mzigo ulishushwa kwa vyovyote, hapakuwa na mtu aliyeumizwa na tofauti ya upana kati ya kaskazini na kusini.

Tatizo lilijitokeza pale reli ya kusini ilipokaribia kukutana na ya kaskazini. Kipande cha Kamina hadi Kabalo kilikamilika mwaka 1956. Katika matayarisho ya kukutana huko, njia za CFL kati ya Albertville na Kindu zilibadilishwa zikawa za milimita 1067. Njia ya Kisangani hadi Ubundu, yenye kilomita 125 na iliyo mbali na nyingine, ilibaki na milimita zake 1000.

Msomaji atauliza kwa nini haikuongezwa reli ya tatu, ili magari ya namna zote mbili yapite njia moja. Jambo hilo lawezekana. Japani, katika handaki la Seikan, reli tatu hubeba tangu mwaka 2016 treni za milimita 1067 na za milimita 1435: reli moja ni ya wote, na nyingine mbili zimeachana kwa milimita 368. Lakini kati ya 1000 na 1067 tofauti ni milimita 67 tu. Kitako cha reli ya njia kuu kwa kawaida huzidi milimita 100, kwa hiyo vitako viwili vingepandana. Kichwa cha reli chenyewe huwa na milimita 60 na zaidi, na ukingo wa gurudumu ungekosa mahali pa kupita. Zingehitajika reli nne, na gharama yake huonekana hasa penye makutano ya njia.

Tanzania inatoa ushahidi. TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, ni ya milimita 1067. Reli ya kati ni ya milimita 1000. Zinakaribiana Kidatu, na mwaka 1998 palifunguliwa hapo kituo cha kuhamishia mizigo kutoka behewa hadi behewa.

Wapenzi wa reli za mfano hawaioni taabu hii. Katika kipimo cha 1 kwa 87, milimita 67 huwa pungufu ya milimita moja, na viwanda huziwakilisha njia zote mbili kwa upana mmoja wa milimita 12. Mezani, treni ya TAZARA hupita kwenye reli ya kati bila kushusha kitu. Mwalimu anayetaka kuonyesha ukweli na atumie kipimo cha 1 kwa 10. Apange mataruma ya mbao, afunge reli ya kwanza, kisha apime milimita 106.7 na 143.5. Reli ya tatu itakaa vizuri. Halafu ajaribu 100 na 106.7: ataona kwa macho kwamba hakuna nafasi.

Neno taruma lenyewe lina funzo. Mabaharia walilitumia kwa mbao za kuimarisha chombo, kisha likahamia kwenye reli. Kwa kipimo cha upana hatujapata neno lililotulia namna hiyo. Tanzania husemwa "reli ya kisasa" kwa njia ya milimita 1435, ambayo treni zake zilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024. Jina hilo lataja umri, lanyamaza juu ya upana. Njia hiyo inakusudiwa kufika Kigoma, mkabala na Kalemie. Ikivuka kuja kwetu, itakutana na milimita 1067, tofauti ambayo reli ya tatu inaiweza. Yafaa upana uulizwe kwanza, kwa jina lake, kabla taruma la kwanza halijalazwa.