UZI: Nani ana ruhusa ya kumgusa mamba wa Tana?

1/ Kila msimu wa kura, kuanzia Mbeere kule Embu mpaka upande wa Meru unaopakana na Tana, lazima mtu ashike maiki aseme: "Nichagueni, hawa mamba tutawamaliza." Watu wanapiga makofi. Twende polepole.

2/ Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ngozi ya mamba ilikuwa pesa. Waliwindwa sana Afrika Mashariki. Kenya ikapiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata biashara ya nyara.

3/ Wakati huohuo serikali ilikuwa inajenga mabwawa: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Maji yakatanda, mamba wakapata makao. Umeme ukaenda mbali, na mama wa Mbeere akabaki anachota maji kwa ndoo palepale mamba anapovizia.

4/ Mayai je? Kuokota bila leseni ni kosa. Lakini mashamba ya mamba ya Pwani yenye leseni yameruhusiwa kuokota mayai Tana ya chini. Hoja yao: vifaranga wengi hufa porini hata hivyo. Sawa. Ila swali ni: anayeishi na hatari anapata nini?

5/ Linganisha na Louisiana, Marekani. Walifunga uwindaji wa aligeta 1962, wakaufungua kidogo 1972. Leo mayai yakiokotwa kwenye ardhi yako, unalipwa. Kwa hivyo mwenye ardhi mwenyewe anataka wabaki.

6/ Kwetu kuna fidia. Sheria ya 2013 ilipandisha malipo ya kifo kutoka shilingi 200,000 hadi milioni 5, na mamba yumo kwenye orodha. Lakini malimbikizo ya fidia ni kilio cha miaka mingi.

7/ Sasa, gavana au mwakilishi wadi hana uwezo wa kuruhusu mamba auawe. Wanyamapori ni kazi ya serikali ya kitaifa. Akikuahidi hivyo, anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

8/ Muulize haya badala yake: Maji ya bomba yatafika lini ili watoto wasishuke mtoni? Nani atajenga uzio wa kuchotea maji? Faili za fidia zimekwama wapi? Hayo yako ndani ya uwezo wake, ama kuyafanya, ama kuyafuatilia.

Ukiona ahadi ya mamba wiki hii, mtumie huu uzi.