Tetemeko Dogo Ndani ya Nyumba: Historia ya Mitikisiko Afrika Mashariki

Tetemeko dogo la ardhi likimkuta mtu ndani ya nyumba, kwa kawaida halimalizi hata nusu dakika. Kwanza huja kishindo kifupi, pengine na mngurumo ambao wengi hudhani ni lori linapita barabarani. Halafu nyumba huyumba kwa ubavu: milango hugongagonga kwenye fremu, sahani hugusana kabatini, maji hucheza ndooni. Hayo ni mawimbi mawili yaliyotoka mahali pamoja kwa wakati mmoja. La kwanza hubana na kuachia mwamba kuelekea linakokwenda, nalo lina mbio. La pili huutikisa mwamba ubavuni na huchelewa njiani, lakini ndilo linaloumiza kuta. Kila sekunde inayopita kati ya kishindo na myumbo ni takribani kilometa 8 za umbali, kwa hiyo aliyehesabu sekunde 5 yuko kilometa 40 hivi kutoka kitovu.

Afrika Mashariki hutikisika kwa sababu ya Bonde la Ufa, ambako bara linaachana kwa milimita chache kila mwaka. Tawi la magharibi linashuka kutoka Ziwa Albert kupitia Kivu, Tanganyika na Rukwa hadi Ziwa Nyasa. La mashariki linatoka Ethiopia, linapita Turkana, Baringo na Natron, kisha linaingia kaskazini mwa Tanzania. Mwanajiolojia John Walter Gregory, aliyelipitia bonde hilo upande wa Kenya mwaka 1893, ndiye aliyelieleza katika kitabu chake cha 1896 kuwa ni ardhi iliyodidimia kati ya nyufa mbili. Wenyeji hawakumngoja ili wajue kwamba ardhi yao hutikisika.

Buganda walikuwa na Musisi, mungu wa matetemeko aliyekaa katikati ya dunia. Alipojigeuza, nchi ilitikisika. Mmisionari John Roscoe, katika kitabu chake kuhusu Waganda kilichotoka mwaka 1911, ameeleza yaliyofanyika majumbani wakati huo. Mwenye hirizi karibu aliipigapiga taratibu kwa kiganja akimwomba mungu atulie, wajawazito walijipapasa tumbo ili mtoto asichukuliwe, na wengine walipiga ukelele mkali. Musisi hadi leo ni jina la watu Uganda. Katika nchi za Kiislamu, na pwani ya Waswahili ikiwemo, palisimuliwa habari za ng'ombe aliyeibeba dunia juu ya pembe yake moja, ambaye akichoka huihamishia pembe ya pili. Masimulizi hayo huhesabiwa haraka kuwa ushirikina na kuachwa hapo, lakini yana ushahidi ndani yake. Jamii isiyotikiswa mara kwa mara haiwi na utaratibu wa kufanya nyumbani ardhi inapotikisika.

Kumbukumbu za maandishi zina upungufu wa namna nyingine. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa na kusini mwa Ziwa Tanganyika, ambalo sehemu yake wakati huo ilikuwa chini ya Wajerumani, lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa takribani 7.4, kubwa kuliko yote yaliyojulikana Afrika Mashariki katika karne ya 20. Mitambo ya mbali ililinasa. Habari za nyumba zilizoumia, hata hivyo, zilitoka hasa kwa wamisionari na maofisa, yaani watu wenye kuta za matofali na wino wa kuandikia. Ndiyo maana mtaalamu N. N. Ambraseys, aliyelichunguza upya miaka 80 baadaye, alilazimika kuchambua barua na taarifa za aina hiyo. Ikiwa tetemeko la 7.4 limebaki na mashahidi wachache hivyo, madogo ya miaka ile, yaliyoamsha watu usiku na kuwaacha walale tena, yamepotea karibu yote.

Kenya ilipata lake usiku wa tarehe 6 Januari 1928, huko Subukia, kaskazini mwa Nakuru. Ukubwa wake ulikadiriwa kuwa 6.9. Ardhi ilipasuka kwa kilometa zaidi ya 30 chini ya mteremko mkali wa Laikipia, na mahali pengine upande mmoja ukashuka zaidi ya mita 2. Mabomba ya moshi ya walowezi yalianguka, na Nairobi mtikisiko ulisikika. Yaliyofuata ndiyo yaliyozoesha watu wa bonde hilo matetemeko madogo, maana tetemeko kubwa huacha nyuma yake mitikisiko ya wiki na miezi, kila mmoja ukizua swali kama ndio mwanzo wa jingine.

Ukali wa tetemeko ulipimwa kwa vyombo vya nyumbani muda mrefu kabla ya kupimwa kwa mitambo. Michele de Rossi wa Italia na François-Alphonse Forel wa Uswisi waliunganisha vipimo vyao mwaka 1883. Padri Giuseppe Mercalli akatoa chake mwaka 1902, na mwaka 1931 Harry Wood na Frank Neumann wakakirekebisha huko Marekani kwa kuongeza magari yaliyoegeshwa. Daraja la tatu la kipimo hicho ni la mtikisiko unaosikika ndani ya nyumba, hasa ghorofa za juu, na ambao wengi hawatambui kuwa ni tetemeko. La nne ni la madirisha na vyombo kulia na kuta kualika. La tano huamsha waliolala, huvunja baadhi ya vyombo na husimamisha saa ya pendulamu. Kipimo cha Charles Richter cha mwaka 1935 ni kitu kingine: kinataja ukubwa wa tetemeko lenyewe, na kila namba moja zaidi ni nishati mara 32 hivi. Tetemeko moja, basi, lina ukubwa mmoja na ukali tofauti kila nyumba.

Vipimo hivyo vya ukali vilitungwa kwa kuangalia nyumba za Ulaya na Marekani. Msonge wa Wahaya, wa miti iliyofungwa na kuezekwa nyasi hadi chini, hauna saa ya pendulamu wala lipu ya kupasuka. Hupinda kidogo, hurudi, na mtikisiko wa daraja la tano unaweza kupita bila kuacha alama. Nyumba ya matofali ya kuchoma yaliyojengewa udongo ni nzito na haipindi. Isipopigwa lenta ya zege na nondo kuzunguka kuta zote, kila ukuta huyumba peke yake, na pembe ndizo hufunguka kwanza. Mawe yanayowekwa juu ya bati kuzuia upepo nayo huanguka. Karne ya 20 ilipowahamisha watu wengi kutoka nyumba za kwanza kwenda za pili, tetemeko lilelile likawa jambo zito zaidi, ingawa ardhi haikubadilika.

Bukoba ilionyesha hivyo tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri. Tetemeko la 5.9, ambalo chanzo chake kilikuwa kilometa 40 hivi chini ya ardhi, liliua watu zaidi ya 15 mkoani Kagera na kujeruhi mamia. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa. Uganda, Rwanda na Kenya watu wengi walilisikia tu. Kwa wa Kampala lilikuwa tetemeko dogo. Kwa wa Bukoba, ambao wengine walilala nje wakiogopa kurudi chini ya kuta zenye nyufa, halikuwa dogo hata kidogo.

Ghorofa zimeleta badiliko jingine. Jengo refu huyumba polepole, na mawimbi ya polepole ndiyo yanayosafiri mbali bila kuisha nguvu. Kwa hiyo aliye ghorofa ya kumi huweza kuona feni ya dari ikicheza huku muuza matunda wa barabarani hajui lolote. Julai 2007, mfululizo wa mitikisiko ulizuka chini ya mlima Gelai karibu na Ziwa Natron, mkubwa zaidi ukiwa 5.9 tarehe 17. Nairobi, zaidi ya kilometa 150 kutoka huko, wafanyakazi walishuka mbio kwenye majengo marefu. Setilaiti zilionyesha baadaye kwamba magma ilikuwa imejipenyeza kama ukuta mwembamba ndani ya ufa, na mwanzoni mwa Septemba mlima wa volkano Oldoinyo Lengai ukalipuka. Huko Goma, mashariki mwa Kongo, mwaka 2021 mpangilio uligeuka: mlima wa volkano Nyiragongo ulilipuka tarehe 22 Mei, kisha mitikisiko ikatetemesha mji na Gisenyi jirani kwa siku kadhaa, mchana na usiku, hadi sehemu ya wakazi wakaamriwa kuhama.

Dar es Salaam iko mbali na matawi yote mawili ya bonde, lakini chini ya bahari mbele yake kuna nyufa pia. Jumatano ya tarehe 12 Agosti 2020, saa 2:13 usiku, tetemeko la takribani 6 lilitokea baharini kusini mashariki mwa jiji. Halikuua mtu. Lilisikika Unguja na hadi Mombasa, na wakazi wa ghorofa za Dar es Salaam walijikuta nje na watoto mikononi.

Siku hizi taarifa za namna hiyo hukusanywa na idara ya jiolojia ya Marekani kupitia fomu ya mtandaoni iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1990 na kufunguliwa baadaye kwa dunia nzima. Anayejaza huulizwa kama alikuwa ndani au nje, kama alikuwa amelala, kama vitu vilivyoning'inia vilicheza na kama vyombo vilianguka. Kompyuta hugeuza majibu kuwa daraja la ukali la eneo lake na kulichora kwenye ramani. Maswali ni yale ya Mercalli na warithi wake, na majibu huja kwa wingi zaidi kutoka mijini, kwenye intaneti na ghorofa.