Draivu ya disketi ya laptopu kuukuu: okoa yaliyomo kwanza

Kangema, kaunti ya Murang'a, ipo kwenye miteremko ya milima ya Aberdare. Wengi wetu Pwani twaijua kwa marehemu John Michuki, mbunge wake aliyeleta kanuni za matatu za mwaka 2004. Ni nchi ya kahawa, majani chai na ukungu wa asubuhi. Unyevu huo, kama hewa ya chumvi ya huku kwetu, ni adui wa disketi. Ikiwa hesabu za chama au karatasi za shamba zimo ndani ya disketi na laptopu imegoma kuzisoma, usikimbilie bisibisi.

Disketi ya inchi 3.5 hubeba megabaiti 1.44 tu. Sony, walioizindua mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliacha kuiuza Japani mwaka 2011. Draivu nyingine utaipata. Faili isiyo na nakala huipati tena. Kwa hivyo usiijaribu draivu mbovu kwa disketi unayoitegemea. Tumia isiyo na kitu.

Kagua disketi. Sogeza kifuniko chake cha chuma na uzungushe kitovu kwa kidole. Madoa meupe ni kuvu. Disketi yenye kuvu huchafua kichwa cha kusomea, nacho kichwa kichafu hukwangua disketi inayofuata.

Kusafisha. Zima laptopu, chomoa chaja, toa betri. Utepe wa nyaya una kibanio kwenye soketi. Kifungue kabla ya kuuvuta. Futa vichwa viwili, cha juu na cha chini, kwa kijiti cha pamba kilicholowa spiriti safi kidogo. Usiuinue sana mkono wa kichwa cha juu, kwani ukipinda draivu imekwisha. Weka grisi nyepesi kidogo kwenye skrubu ndefu inayosogeza vichwa.

Taa ikiwaka lakini disketi haizunguki, tazama mkanda. Baadhi ya draivu za zamani huzungushwa na mkanda mdogo wa mpira, ambao hulegea au kuyeyuka kwa miaka. Tafuta wa kipimo kile kile.

Kubadilisha. Draivu nyingi za laptopu zina pini 26, za kompyuta ya mezani 34, hivyo haziingiliani moja kwa moja. Hata pini zikilingana, linganisha namba ya modeli, unene na matundu ya skrubu.

Kama unachotaka ni faili tu, draivu ya nje ya USB yatosha. Kwanza sogeza kile kidude cha pembeni mwa disketi hadi tundu libaki wazi. Hapo haiandikiki wala haifutiki. Kompyuta ikikuuliza kama uifomati, kataa. Faili zikitoka, weka nakala mahali pawili, moja kwa jamaa mwingine. Hapo ndipo umwite fundi wa laptopu.