Abiria wa Meli na Bima Yake

Bima ya bahari ni ya kale, lakini abiria aliingia ndani yake akiwa wa mwisho. Walimtangulia wenye fedha, wenye shehena na wenye meli. Huko Athene, karne ya 4 kabla ya Kristo, mfanyabiashara aliyekwenda kuuza mvinyo upande wa Bahari Nyeusi alikopa mtaji kwa sharti moja: meli ikifika salama deni hulipwa pamoja na riba, ikizama deni huzama nayo. Mkataba wa namna hiyo umehifadhiwa katika mojawapo ya hotuba zinazohesabiwa kuwa za Demosthenes. Mzigo ni mitungi 3,000 ya mvinyo wa mji wa Mende. Riba ni 225 kwa kila drakma 1,000, nayo hupanda hadi 300 iwapo meli itachelewa kurudi mpaka nyota ya Arcturus ichomoze katikati ya Septemba, dhoruba zikikaribia. Hatari ilikwisha kupimwa kwa kalenda na kwa fedha. Msafiri wa kawaida hakuwamo katika hesabu hiyo.

Hati ya bima ya zamani zaidi inayojulikana iliandikwa Genoa mwaka 1347. Zaidi ya karne tatu baadaye, mkahawa wa Edward Lloyd jijini London ukawa kituo cha manahodha, madalali na matajiri. Kahawa na habari za meli kukutana baraza moja si jambo geni kwa mtu wa Lamu au Unguja. La London ni kwamba baraza lile lilizaa soko la bima. Aliyekubali kubeba sehemu ya hatari aliandika jina lake chini ya maelezo ya safari, na kiasi atakacholipa. Kilichokatiwa bima kilikuwa chombo na mzigo. Hata binadamu alipoandikwa humo, aliweza kuandikwa kama bidhaa. Mwaka 1781 mabaharia wa meli ya Zong, ikielekea Jamaika, waliwatosa baharini watumwa zaidi ya 130, kisha wenye meli wakadai bima pauni 30 kwa kila kichwa. Kesi ilisikilizwa mwaka 1783 kama shauri la mali.

Wenye meli waliendelea kujikinga kabla ya abiria. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1846 iliziruhusu familia kudai fidia kwa aliyeuawa na uzembe wa mwingine, na madai ya abiria yakaanza kutisha. Mwaka 1855 wenye meli wakaunda chama cha kuchangiana, kila mmoja akisaidia kulipa madai yatakayomwangukia mwenzake. Vyama vya namna hiyo vingalipo, na karibu kila meli kubwa ya watalii imo ndani ya kimojawapo.

Bima ya msafiri mwenyewe haikutoka baharini. Ilitoka relini. Kampuni ya Railway Passengers Assurance ilianza London mwaka 1849 kwa utaratibu mwepesi: karani wa tiketi aliuza na bima papo hapo dirishani. Abiria wa daraja la kwanza alilipa peni 3, na akifa ajalini familia yake ilipata pauni 1,000. Wa daraja la pili alilipa peni 2 kwa pauni 500, wa la tatu peni 1 kwa pauni 200. Uhai wa msafiri ulipangwa kwa madaraja kama kiti chake.

Mfanyabiashara wa mawe kutoka Hartford, Marekani, James Batterson, aliikuta biashara hiyo akiwa safarini Uingereza. Mwaka 1864 aliifungua kwao kwa jina la Travelers. Inasimuliwa kwamba mteja wa kwanza alikuwa mwenye benki mmoja aliyekutana naye posta, akamuuliza kwa utani angemtoza kiasi gani kumkatia bima kutoka pale hadi nyumbani kwake kwa miguu. Batterson alimtajia senti mbili, akazipokea.

Wakati huo safari ya baharini bado ilikuwa ya kwenda mahali. Safari ya kustarehe ilikuja baadaye, ikiletwa na baridi. Wakati wa kipupwe abiria wa Atlantiki walipungua na meli zikalala bandarini, zikila fedha. Albert Ballin wa kampuni ya meli ya Hamburg akaamua kuipeleka meli ya Augusta Victoria kwenye jua. Iling'oa nanga Cuxhaven tarehe 22 Januari 1891 kuzunguka Mediterania ikiwa na watu 241, naye mwenyewe akiwamo. Biashara ilimpendeza hadi akaagiza meli ya starehe tupu, Prinzessin Victoria Luise, iliyoanza kazi mwaka 1901. Mwezi Desemba 1906 ilipanda mwamba Jamaika na haikutoka tena. Abiria wote waliokoka.

Tofauti kati ya bima ya meli na ya abiria ilidhihirika Aprili 1912, meli ya Titanic ilipozama. Titanic ilikatiwa bima ya pauni 1,000,000 kwa ada ya pauni 7,500, na wenye meli walilipwa haraka. Abiria na warithi wao walikwenda mahakamani. Charlotte Cardeza, aliyesafiri na makasha 14, aliorodhesha nguo na vito vyake kimoja kimoja hadi dai likafika dola 177,352 na senti 75. Madai yote pamoja yalizidi dola milioni 16. Lakini sheria ya Marekani ya mwaka 1851 ilimruhusu mwenye meli kuwajibika kwa thamani ya kilichobaki tu, yaani mashua za kuokolea na nauli, chini ya dola 100,000. Baada ya miaka ya mabishano wadai waligawana dola 664,000.

Ndege za jeti zilipoanza kuvuka Atlantiki mwaka 1958, meli zilipoteza abiria wa kwenda na zikabaki na wa kutembea. Mardi Gras, meli ya kwanza ya Carnival, ilitoka Miami mwaka 1972 na kukwama mchangani hapo hapo mlangoni mwa bandari. Hilo halikuzuia kampuni kukua. Pamoja na wateja wapya, hatari yenyewe ilibadilika. Wengi walikuwa wastaafu, walilipa miezi mingi kabla, na walikwenda mbali na hospitali. Kuzama kukawa tishio dogo. Kikubwa kikawa moyo kushtuka katikati ya bahari, nyonga kuvunjika kwenye ngazi, au ndege kuchelewa na meli kuondoka.

Bima ya meli za watalii ilijengwa juu ya mambo hayo. Sehemu yake ya kwanza hurudisha fedha safari ikifutwa kwa ugonjwa au msiba, maana kampuni za meli hukata adhabu inayopanda kadiri siku zinavyokaribia, hadi nauli yote. Sehemu yenye uzito zaidi ni matibabu na kusafirishwa kwa ndege ya wagonjwa, gharama inayoweza kufika makumi ya maelfu ya dola. Medicare, bima ya serikali kwa wazee wa Marekani, hailipi matibabu ya melini ikiwa chombo kiko zaidi ya saa sita kutoka bandari ya nchi hiyo. Maradhi ya awali ndiyo mzizi wa magomvi mengi: makampuni mengi huyakubali endapo tu bima imenunuliwa ndani ya wiki mbili au tatu tangu malipo ya kwanza ya safari. Anayengoja hadi wiki ya kuondoka huwa amenunua karatasi nyembamba.

Tiketi nayo ina mambo yake. Bi. Shute wa jimbo la Washington alianguka kwenye meli ya Carnival karibu na Mexico mwaka 1986, akashtaki kwao. Kwenye tiketi iliandikwa kwamba kesi zote zisikilizwe Florida, pembe ya pili ya nchi. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani iliona maandishi hayo yanamfunga.

Mikataba ya kimataifa imempa abiria nguvu zaidi. Itifaki ya mwaka 2002 ya Mkataba wa Athene, iliyoanza kutumika 2014, inamlazimu mwenye meli awe na bima ya majeruhi na vifo vya abiria. Lakini haimrudishii nauli aliyeugua nyumbani. Februari 2020 meli ya Diamond Princess ilizuiwa Yokohama na watu 3,711 ndani, zaidi ya 700 wakaambukizwa korona, na wenye bima wengi duniani wakagundua mwaka huo kwamba hati zao hazikulipia magonjwa ya mlipuko.

Serikali nazo zimeanza kuamua. Anayeomba viza ya Schengen, hata kama anakwenda kupanda meli Barcelona au Venisi, hutakiwa kuwa na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000 tangu mwaka 2004. Zanzibar ilifuata tarehe 1 Oktoba 2024: mgeni kutoka nje ya nchi hununua bima ya Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44, nayo hudumu siku 92.