Bikini 1946: Mwenye kipimo hakuwa mwenye amri

Julai 1946 Marekani ilikusanya watu wapatao 42,000 katika visiwa vya Bikini, Bahari ya Pasifiki, ili kujaribu mabomu mawili ya atomiki dhidi ya manowari. Wenyeji 167 walikuwa wamehamishiwa Rongerik tangu Machi. Wanamaji, marubani, wanafizikia na wataalamu wa samaki waliwekwa wote chini ya Makamu Admeri William Blandy. Mpangilio huo husifiwa kwa ukubwa wake, lakini ulikuwa na kasoro nzito: waliopima hatari walishauri tu, na uamuzi ulibaki kwa waliotakiwa kuikamilisha kazi.

Kasoro hiyo ilionekana baada ya bomu la pili, Baker, lililolipuliwa chini ya maji Julai 25. Maji yenye sumu ya mionzi yalizimwagikia meli, na mabaharia wakatumwa kusugua deki kwa sabuni na magadi makali. Mionzi haikutoka. Daktari Stafford Warren, mkuu wa usalama wa mionzi, alitaka kazi isitishwe, huku maofisa wakitaka meli zao zirudi. Agosti 10 alimwonyesha Blandy picha ya samaki iliyojichora yenyewe kwenye filamu, kwa mionzi iliyokuwa mwilini mwa samaki huyo. Ndipo usafishaji ukasimamishwa. Kwa muda wa wiki mbili vijana walikuwa wamekanyaga deki hizo kwa sababu mwenye vipimo alilazimika kubembeleza.

Yupo atakayesema elimu ya mionzi ilikuwa bado changa. Ni kweli, ila Warren alikwisha kusimamia usalama wa jaribio la kwanza kule New Mexico mwaka 1945, kisha akaikagua Nagasaki. Elimu iliyokuwepo ilitosha kuwatoa watu melini. Mwingine atakumbusha kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nakubali kuwa watu 42,000 hawaongozwi kwa kamati. Lakini mamlaka ya kusema "basi" si unahodha wa pili: hayaelekezi chombo, yanakizuia tu kisiingie mwambani.

Wala dawa haikuwa kumpa mwanasayansi usukani. Machi 1, 1954, palepale Bikini, bomu la Bravo lilitoa nguvu ya megatoni 15, zaidi ya mara mbili ya ilivyotarajiwa. Ripoti za hali ya hewa zilikuwa zimeonyesha upepo unageuka, lakini Jenerali Percy Clarkson na mwanafizikia Alvin Graves waliendelea. Majivu yakawaangukia watu wa Rongelap, walioondolewa baada ya siku mbili, pamoja na wavuvi 23 wa Kijapani. Graves alikuwa msomi, ila naye alibeba jukumu la kuona bomu linalipuka. Mtu wa namna hiyo, awe na nyota begani au shahada ukutani, hafai kuwa mwamuzi pekee wa hatari inayowapata wengine. Mamlaka ya kusimamisha kazi yapewe asiyepata sifa kwa kukamilika kwake, na neno lake liwe amri.